Kitanda cha Msaji Kilichomnasa Shangazi

Kuna watu wanaozaliwa na miguu. Kaka zangu wawili walikuwa hao: mmoja alifika Mombasa, mwingine Tabora, na kila mmoja alirudi na hadithi za kutuchosha mwezi mzima. Mie nilizaliwa na mgongo. Nikishatoka ofisini mjini, ambako nilikuwa karani wa kunakili barua za Waingereza, nilikuwa nakwenda moja kwa moja nyumbani kwetu Temeke, nala, najilaza. Mama alikuwa akiwaambia majirani, "Huyu wangu hapotei. Mkimtafuta, inueni shuka."

Basi ungedhani kwamba mtu kama mie, likija suala la kitanda, angalau hapo nisingeaibika.

Mchumba wangu alikuwa mtoto wa Kinondoni, wa watu waliokaa huko tangu nyumba zikihesabika na minazi haihesabiki. Kwao kulikuwa na desturi moja. Kitanda cha harusi hutengenezwa na bwana harusi, na kabla siku haijatajwa, shangazi wa bibi harusi huja kukikagua. Haji kukitazama kwa macho tu. Hukikalia, hukitikisa, hukinusa, na akiridhika hukilalia. Asipolala, hakuna siku. Nilimuuliza mama kama desturi hiyo haiwezi kulegezwa kidogo kwa mtu aliyesoma hadi sekondari. Mama akasema kwamba shangazi yule alishawahi kukataa vitanda viwili, na kimoja kilikuwa cha mwalimu.

Na siku zilikuwa zimebana. Shaabani imeshaingia, na ukishaandama mwezi wa Ramadhani hakuna harusi. Nikikosa hapo nisubiri mpaka Mfunguo Mosi, na mie habari zilikuwa zimeshanifikia kwamba kuna fundi cherehani mmoja, mwenye kitanda cha chuma cha springi na vifundo vya shaba kwenye pembe, anapitapita mlangoni kwao na kusalimia watu asiowajua. Binti yule nilikuwa nimemwona vizuri mara tatu, na mara zote tatu nilisahau nilichotaka kusema. Kumkosa kwa sababu ya springi ningeshindwa kustahimili.

Jirani yetu wa nyumba ya tatu alikuwa seremala. Alikuwa amekwenda vita vya Burma na kurudi na koti la jeshi, kikohozi, na mapenzi ya mti mmoja. Nilipomwambia shida yangu hakuuliza nataka kitanda cha namna gani. Aliuliza, "Una Jumamosi?"

Jumamosi tukaenda Kurasini. Ufukweni, nyuma ya maghala, kulikuwa na tishari bovu, lile jahazi bapa la kushushia shehena kutoka melini, nalo lilikuwa likibomolewa. Fundi akapanda juu yake kama mtu anayepanda kitandani kwake. Akagongagonga mbao za sakafuni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akachagua kumi na mbili. Nilipoziona zimelazwa mchangani moyo wangu ulishuka.

"Fundi, hizi kuni."

"Kuni za nani?"

"Tazama rangi yake. Kijivu kama punda. Na punda angalau anatembea."

Aling'oa msumari mmoja kutoka ubaoni akanipa mkononi. Ulitoka mzima, umenyooka, kana kwamba umepigwa wiki iliyopita. Kisha akatoa randa mfukoni mwa koti, akauegemeza ubao kwenye goti, akasukuma mara tatu.

Sijui nieleze vipi. Ule ujivu haukuwa mnene kuliko ganda la yai. Chini yake palikuwa na kitu chenye joto, cha rangi ya chai iliyotiwa maziwa mtu akikosea akatia kidogo, na kilikuwa kinang'aa bila kupakwa kitu. Harufu ikapanda: ngozi ya kiatu kipya, na ndani ya ngozi pilipili manga, na ndani kabisa kitu kama asali iliyoungulia sufuriani. Niliugusa ubao. Ulikuwa na utelezi mdogo, kama paji la uso la mtu aliyetoka kupaka mafuta. Nilisahau kufanya mzaha, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo.

"Huu ndio msaji," fundi akasema. "Wazungu wanauita tiki. Umekaa juu ya maji ya chumvi miaka mingi kuliko umri wako, karani. Umekanyagwa, umepigwa jua, umemwagiwa makaa ya mawe. Na humu ndani habari hizo hazijafika."

Tukazipakia kwenye mkokoteni. Mie nilisukuma kutoka nyuma mpaka Temeke, na watu walionijua walisimama kunitazama kana kwamba wamemwona kobe akikimbia.

Alifanya kazi uani kwake kila alasiri, nami nilikaa pembeni juu ya gogo, kazi yangu ikiwa ni kusifu. Kila baada ya dakika chache alisimama kunoa. Alisema msaji una mchanga ndani yake, mti umeunywa kutoka ardhini, kwa hiyo unakula chuma. Seremala mvivu hautaki. Akinoa alikuwa akisimulia. Huko Burma aliiona miti yake msituni, mirefu, imenyooka, na jani moja tu la mti huo lingetosha kumfunika mtoto mchanga. Ukiwa mbichi, ukiutia mtoni unazama kama jiwe. Kwa hiyo watu wa huko huukata gome kuuzunguka na kuuacha usimame hivyo hivyo, umekufa wima, miaka miwili mitatu, hadi maji yote yautoke, ndipo wauangushe. Halafu anakuja tembo. Anapiga magoti, anaweka pembe chini ya gogo, anasukuma taratibu.

"Na saa ya kazi ikiisha," alisema, "tembo analiacha gogo pale pale njiani anakwenda kuoga. Hata umpige."

"Huyo tembo ni karani," nikasema.

"Tofauti ni kwamba yeye kabla ya hapo amefanya kazi."

Kitanda kilipoungwa kilikuwa na matendegu manne manene kama shingo ya ng'ombe, mifumbati miwili mirefu ya ubavuni, na upande wa kichwani kitakizo kipana cha ubao mzima, bila nakshi. Fundi alikataa nakshi. Alisema kuuchora msaji ni kumwingilia mtu maneno. Kikawambwa kwa kamba mpya za ukindu. Tukakihamishia kwetu, na hapo ndipo nilipokitazama vizuri nikaona balaa.

Kilikuwa na mabaka. Ubao huu kijani kidogo, ule kahawia, mwingine una mistari myeusi inayokatiza ghafla. Mama alikizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Mwanangu," akasema, "utamlaza mtoto wa watu juu ya mgongo wa kenge?"

Fundi hakutikisika. "Ndivyo unavyozaliwa. Msikipake kitu chochote. Mkitoe uani kila asubuhi, jua likione. Siku saba kitajiosha chenyewe." Akachukua kapu lake la zana akaenda Kawe, ambako alikuwa na paa la kuezeka.

Siku saba! Mie, kwa haraka za mwenye kupenda, nilikuwa nimeshapeleka salamu Kinondoni kwamba shangazi anakaribishwa Ijumaa. Ilikuwa Jumatatu. Na Jumatatu hiyo hiyo, masika tuliyodhani yamekwisha yakakumbuka yalichosahau, mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Jua halikukiona kitanda wala kitanda hakikuliona jua. Kenge alibaki kenge.

Jumatano nikanunua kopo la vanishi nyekundu, ile ile waliyopaka viti vya ofisini kwetu. Nilijiambia hivi: Waingereza si wajinga, viti vyao vinang'aa, na nani aliwahi kukataa kitu kinachong'aa? Nikapaka mara ya kwanza. Mabaka yakaonekana kwa chini. Nikapaka ya pili. Kwa usalama nikapaka ya tatu. Kikawa chekundu pyu, kama kinywa cha mla tambuu. Nilijiona fundi.

Alhamisi asubuhi nilikigusa, kikanishika kidole.

Adhuhuri nikakigusa tena. Kikanishika. Nikakipepea kwa kipepeo cha mama. Jioni nikawasha jiko la makaa nikaliweka uvunguni.

"Unakioka?" mama akauliza kutoka mlangoni.

"Nakikausha, mama."

"Basi kikiiva niite."

Ijumaa baada ya swala shangazi alifika. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye mwavuli, na alikuwa amejifunga kanga mpya ya maua ya korosho ambayo bado inanukia duka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye kitanda?"

"Ndiye mie."

"Mbona unatetemeka? Leo tunakagua kitanda. Wewe tulikukagua zamani, tukavumilia."

Akaingia. Kabla sijapata la kusema alikuwa ameshakaa juu ya mfumbati, amejiweka sawa, na mama anamletea kahawa. Wakazungumza. Habari za Kinondoni, habari za Temeke, nani amejifungua, nani ameachika. Nilisimama ukutani nikiomba kimoyomoyo mazungumzo yasiishe. Yakaisha. Shangazi akaweka kikombe chini akataka kuinuka akitikise kitanda.

Hakuinuka.

Akajaribu tena, polepole, kama mtu anayejua kuna jambo ila hataki kulitangaza. Ukasikika mlio wa kitu kinachobanduka, ukakoma nusu ya safari.

"Bwana mdogo."

"Naam, shangazi."

"Kitanda chako kimenishika."

Najua nilipaswa kuomba radhi. Badala yake mdomo wangu ulisema, "Kimekupenda, shangazi."

Mama akaficha uso kwa upande wa ushungi wake. Nilifukuzwa chumbani. Nikiwa nje ya mlango nilisikia mama akileta kanga nyingine, nikasikia wanawake wawili wakivuta, na mwisho mlio mrefu wa kubanduka ambao mpaka leo nikiusikia popote naangalia chini. Nilipoitwa ndani, maua ya korosho yalikuwa yamechapika juu ya mfumbati wangu mwekundu, safu nzima, na shangazi amevaa kanga ya mama, ameinama. Nilidhani ameumia. Kumbe alikuwa ananusa. Pale kanga ilipobanduka ilikuwa imeondoka na vanishi, na ubao umeonekana, upana wa viganja viwili.

"Chini ya hii kuna nini?"

"Msaji, shangazi."

"Na aliyeupaka hina ni nani?"

"Mie."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa na mabaka."

Alinyooka, akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Mtoto wetu ana kovu gotini, alianguka kisimani alipokuwa mdogo. Nalo utalipaka vanishi?"

Nikaficha nyuma vidole vyangu vyekundu.

"Nitarudi Jumatano," akasema, akichukua mwavuli. "Nataka nikione kikiwa uchi. Nikikikuta kimevaa sitakaa, na mwezi wa Ramadhani haumngoji karani. Kanga yangu mtanifulia."

Fundi alirudi kutoka Kawe siku ya pili yake. Alisimama mbele ya kitanda, akaona maua ya korosho, akauliza. Nilimweleza yote. Alicheka hadi kikohozi kikampata, akakaa chini, akacheka akiwa amekaa.

"Huu mti una mafuta yake mwenyewe," alisema alipopata pumzi. "Ndiyo maana mchwa hauli, ndiyo maana maji hayaingii. Wewe umekwenda kuubandika mafuta mengine juu yake. Yatakauka vipi? Mti wenyewe unayakataa."

"Utanisaidia?"

"Nina paa Kawe halijaisha. Umepaka mwenyewe, utakwangua mwenyewe."

Akavunja chupa, akachagua kipande chenye ukingo uliopinda kidogo, akanionyesha namna ya kukishika kwa vidole vyote na kukivuta kuelekea kwangu, bila kukandamiza. Halafu akanipeleka kwenye ua wa nyuma, akachuma majani ya msasa, yale yanayokwaruza ulimi wa mbuzi. Chupa kwanza, alisema, halafu majani, kufuata mkondo wa ubao, usikate kamwe mkondo. Akaenda zake.

Jumatatu nilipeleka ofisini habari kwamba naumwa mgongo. Ulikuwa uongo asubuhi. Kufika jioni ulikuwa kweli tupu.

Siku ya kwanza, Jumapili, nilikuwa nimekwangua kwa hasira. Vanishi ilitoka kama utando wa uji, ikanishika kwenye nywele, kwenye nyusi, kuku mmoja wa mama akapata wekundu wa mkia uliodumu mpaka Idi. Siku ya pili, Jumatatu hiyo, mvua ikawa imekwisha kabisa, jua likatoka, nikakitoa kitanda uani kama nilivyoambiwa tangu mwanzo. Nikaanza na majani. Hapo hasira ikanipotea, sijui ilikwenda wapi.

Maana nilianza kuona. Mkondo wa ubao ule ulikuwa na mawimbi, madogo, yanayofuatana bila kugusana, kama mchanga wa pwani ya Kawe maji yanapotoka. Nilikuwa nikifuata wimbi moja kwa kidole kutoka upande wa miguuni, linapita, linajikunja panapokuwa na jicho la tawi la zamani, kisha linarudi njia yake. Nikawaza: hapa kulikuwa na tawi. Juu ya tawi hili kulikuwa na ndege wa nchi nisiyoijua, mvua yake nyingine, na mtu akaja akalikata gome, mti ukasimama umekufa ukisubiri, ukaburutwa, ukavuka bahari nzima, ukakanyagwa na makuli wa bandarini miaka yote hiyo, mpaka ukafika uani kwa mama yangu Temeke, ambako mtu mvivu anaukwangua kwa chupa. Nami ndiye niliyeuona una mabaka!

Mchana mama aliniletea wali kwenye sahani ya bati. Niliula nimesimama, nikaiweka sahani juu ya kitakizo, nikaisahau. Nilipoiinua alasiri nilirudi nyuma hatua moja. Palikuwa na duara. Pale sahani ilipokaa, ubao ulikuwa bado na rangi ya asubuhi, ule ukijani. Kulizunguka duara hilo, kila mahali, ulikuwa umeiva. Nikamwita mama.

"Nani kachora?" akauliza.

"Jua."

Akaweka kiganja chake katikati ya duara, kisha nje, kana kwamba anapima homa. Siku hiyo kila aliyepita kwetu aliitwa uani kuonyeshwa kivuli cha sahani, na watu wazima, wenye shughuli zao, walisimama pale midomo wazi. Mpaka Jumanne jioni duara lilikuwa limekwisha, limeungana na ubao wote. Ubao wa kijani, wa kahawia, wenye mistari, zote zilikuwa zimeelekea mahali pamoja, polepole, zikawa rangi moja ya dhahabu nzito. Na ile mistari myeusi niliyoiogopa ilibaki, lakini sasa ilikuwa kama wanja. Nilikuwa nimekaa nikitazama siku mbili nzima, na kwa mara ya kwanza kukaa kwangu kulikuwa kazi.

Jumatano shangazi alikuja mapema, hata kahawa haijachemka. Fundi naye alikuja, akasingizia kutafuta patasi. Tulikuwa tumekirudisha kitanda chumbani karibu na dirisha, mama ametandika mkeka mpya. Shangazi alisimama mlangoni. Alichukua muda kabla ya kuingia.

Akaukaribia mfumbati, akausogelea kwa kidole kimoja kwanza. Mtu aliyenaswa mara moja ana haki hiyo. Kidole kikarudi salama. Akaweka kiganja. Akakipitisha kiganja mpaka mwisho wa ubao, akakirudisha, akakinusa. Akalishika tendegu akalitikisa, kisha kwa mikono miwili. Kitanda hakikutoa hata sauti.

"Tokeni," akasema.

Tukatoka. Tukakaa barazani, sie watatu, tumetega masikio. Tukasikia ndala zikivuliwa. Tukasikia kamba za ukindu zikipokea mzigo. Baada ya hapo hatukusikia kitu.

"Analala au anafikiri?" nikanong'ona.

"Nyamaza," mama akasema.

Kahawa ikachemka, ikapoa. Fundi akavuta sigara mbili. Mama akashindwa, akaenda kuchungulia kwa pazia, akarudi akitembea kwa ncha za vidole.

"Amelala."

"Amelala kukikagua?"

"Amelala kulala. Anakoroma."

Hapakuwa na yeyote kati yetu mwenye ujasiri wa kumwamsha. Adhuhuri ikaadhiniwa, tukasali kwa zamu ili baraza lisibaki tupu. Jua lilikuwa limeshageukia upande wa pili wa nyumba shangazi alipotoka, ushungi umekaa upande, alama za mkeka shavuni.

"Nani kaniacha nipitwe na adhuhuri?"

Tukatazamana. Fundi akapata patasi yake ghafla akaondoka.

"Mie silalagi mchana," shangazi akasema, akimwambia mama kana kwamba mama ndiye aliyemshtaki. "Tangu marehemu afariki hata usiku silali sawasawa." Akatazama nyuma chumbani. Halafu akanigeukia, na sauti ikarudi ile ile ya mwavuli. "Ijumaa baada ya swala. Vaa kanzu inayokutosha."

Mama akapiga kigelegele hadi majirani wakatoka. Shangazi akasindikizwa na wanawake mpaka barabarani. Mie nilibaki. Niliingia chumbani, na ungedhani mtu wa hali yangu, mgongo ukiuma kweli, angejitupa pale pale. Sikuweza. Mwanga wa dirishani ulikuwa umelala juu ya kitakizo, na ubao ulikuwa unaupokea na kuurudisha, unaupokea na kuurudisha, kama kitu kinachopumua. Nikakaa chini sakafuni.

Mama aliporudi alinikuta hapo. "Mbona hulali?"

"Nakitazama."

Nilingoja mzaha wake. Hakuutoa. Alivua ndala, akajikunja akakaa kando yangu, na tukakaa hivyo wawili, tumetulia, kama watu waliotembelewa na mgeni mkubwa wasiojua watamwandalia nini.